MUULIZE TABIBU: Jogoo hapandi mtungi, tukimbilie kidonge au mizizi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu suala la nguvu za kiume, mistari kama mitano hivi, na tangu hapo meseji zinazoingia ni za hiyo mada tu, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga, tena nyingi zimetumwa usiku wa manane. Kwa hiyo wale mliouliza kuhusu vidonda vya tumbo na miguu kuwaka moto mtanisamehe, mtasubiri toleo lijalo. Majina nimeyatoa yote, na baadhi ya meseji nimezifupisha.

Habari za kazi dokta. Mimi ni dereva wa lori, naishi hapa Uyole, natembeza njia ya Dar mpaka Tunduma na kuvuka. Nina miaka 52. Presha ninayo miaka kadhaa sasa, nameza atenolol na bendro. Kuna kama mwaka na nusu hivi jogoo hapandi mtungi vizuri, akipanda anateremka njiani. Jamaa mmoja tukiwa kwenye foleni ya mpaka akanipa vidonge vya bluu, vinafanya kazi siwezi kusema uongo, ila kichwa kinagonga, uso unawaka, pua inaziba, na siku nimemeza kizima cha 100 nikaona taa za magari zina ubluu ubluu. Mke wangu kaogopa, anasema niache hivyo vidonge nitumie mkuyati na mizizi maana vya asili havina madhara. Nimsikilize?

Kaka yangu, shemeji nusu yuko sahihi nusu hayuko sahihi, na ile nusu asiyokuwa sahihi ndo inayopeleka watu hospitali kwa hiyo vumilia nikueleze kwa urefu kidogo.

Hicho kidonge chako (kama kweli ndicho, ntarudi hapo) ni sildenafil, wengi mnaijua kwa jina la Viagra. Wataalamu wa Pfizer kule Uingereza walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, kwenye kifua haikufanya maajabu waliyotegemea ila wanaume waliokuwa wanaijaribu wakaanza kueleza mambo mengine kabisa, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kusimamisha. Nimelileta hilo ili ujue kwamba hii ni dawa ya mishipa ya damu. Haileti hamu, haikupi mapenzi, kama kichwani hakuna kitu utakaa nayo mwilini masaa manne umenuna. Kinachofanyika ni kwamba mwili wenyewe ukishasisimka unatoa kemikali inayolegeza mishipa ya uume damu ijae, halafu kuna kimeng'enya kinachokuja kuivunja hiyo kemikali, sasa sildenafil inakizuia hicho kimeng'enya kisifanye haraka. Basi. Na kwa vile mishipa ipo mwili mzima, inalegea ya kichwani, ya usoni, ya puani, ndo maana kichwa kinagonga na pua inaziba kama una mafua. Ule ubluu ni kwa sababu dawa inagusa kidogo na kimeng'enya ndugu yake kilichoko kwenye jicho, unapita wenyewe, lakini siku ukiona jicho moja limepoteza kuona ghafla au sikio limekufa ghafla hiyo siyo ya kusubiri, acha dawa nenda hospitali hapo hapo.

Miligramu 100 ndo dozi ya juu kabisa kwa siku kaka. Wengi huanzishiwa 50, na mtu aliyevuka miaka 65 au mwenye ini au figo mbovu huanzishiwa 25. Wewe uliipata 100 kwa mtu wa foleni, imetoka mfukoni mwa shati, haina boksi. Unajuaje ni 100? Unajuaje ni sildenafil yenyewe? Vidonge feki vya aina hii vimejaa duniani maana ndo dawa ambayo mnunuzi anaona aibu kurudi kulalamika.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuniuliza na ndilo lenyewe. Bendro na atenolol zote mbili zinajulikana kuwaletea baadhi ya wanaume hiyo shida. Sijasema uziache!! Nakujua dereva, ukisoma hapo utazitupa dirishani ukifika Igawa, na ukiacha atenolol ghafla moyo unaweza kukugeuka vibaya. Ninachosema rudi kliniki yako ya presha umwambie daktari waziwazi, "dokta tangu nianze hizi dawa kusimamisha kunasumbua," kuna dawa nyingine za presha kama losartan ambazo kwa upande huo hazina usumbufu, anaweza kukubadilishia. Wanaume wengi hapa hawasemi, wanamwambia daktari wanaendelea vizuri halafu wanatoka pale wanapitiliza kwa muuza mizizi.

Na inawezekana siyo dawa, ni presha yenyewe, au sukari ambayo hujawahi kupima. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana kama wa milimita moja au mbili, ya moyo ni milimita tatu au nne. Uchafu wa mafuta ukianza kujikusanya mwilini, bomba jembamba ndo linaanza kuziba. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 52 ambaye mashine imeanza kugoma anaweza kuwa anapewa taarifa ya moyo miaka miwili mitatu kabla moyo wenyewe haujaongea. Pima sukari, pima kolestroli, pima presha siku ambayo hujatoka safarini, na kama unavuta hizo sigara za kukesha nazo mpaka Mikumi, hapo ndo pa kuanzia.

Haya, mkuyati na mizizi. Mimi bibi yangu alikuwa anachimba dawa, siwadharau waganga wa asili hata kidogo, nchi hii ina sheria yake ya tiba asili ya 2002 na Baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Ila sikia kipimo changu cha mtaani. Dawa ya mizizi ikikufanyia kazi ndani ya dakika arobaini, uso ukawaka, pua ikaziba, kichwa kikagonga, hiyo siyo mizizi peke yake, humo kuna mtu kasagia kidonge kile kile cha bluu. Siyo maneno yangu tu, kule Marekani mamlaka yao ya dawa kati ya 2007 na 2016 ilibaini virutubisho 776 vilivyotiwa dawa za hospitali bila kuandikwa kwenye lebo, na karibu nusu yake vilikuwa vya nguvu za kiume, humo sildenafil ikiongoza. Sasa kama wenye maabara kubwa wanatapeliwa hivyo wewe na kile kichupa cha soda kilichojazwa unga wa kahawia pale Mwanjelwa utasalimika vipi? Kwenye kidonge cha famasi angalau unajua umemeza miligramu ngapi. Kwenye unga hujui, na aliyekuuzia pengine naye hajui.

Kwa hiyo shemeji mwambie hivi: vidonge vya foleni naacha, mizizi sinywi, naenda kliniki kwanza. Daktari akiona moyo unaruhusu atakuandikia dozi inayokufaa na utanunua famasi yenye mfamasia.

Dokta shikamoo. Mume wangu ana miaka 60, tupo Mafinga. Ana ugonjwa wa moyo, hospitali walimpa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Juzi nimekuta kwenye koti lake unga kwenye kimfuko cha nailoni, anasema kanunua mnadani kwa Mmasai, wa kuongeza heshima ya ndoa. Je anaweza kutumia vyote?

Marahaba dada. HAPANA, na hili naomba ulifanyie kazi leo leo.

Kile kidonge cha chini ya ulimi ni wa kundi la naitreti, nacho kinalegeza mishipa. Kikikutana mwilini na sildenafil presha inaporomoka mpaka mtu anazimia na anaweza asiamke, hii ndo hatari kubwa kuliko zote za hizi dawa na haina mjadala, hata akisema alitumia wiki jana hakuona kitu. Aliyemeza sildenafil hapewi naitreti ndani ya masaa 24, na kama ni tadalafil, hii inayofanya kazi mpaka masaa 36, ni angalau masaa 48. Na unga wa mnadani kwa vile hatujui umechanganywa na nini tunauhesabu kama sildenafil mpaka tuthibitishiwe vinginevyo.

Usimgombeze, maana akiona aibu atauficha mahali pengine. Mwambie mimi hata pasipo hilo jambo tuko sawa ila sitaki kuwa mjane. Kama keshautumia na kifua kikambana usimpe kile kidonge cha ulimi, mkimbize hospitali, ukifika neno la kwanza umwambie daktari kanywa nini na saa ngapi. Sema tu, madaktari hatucheki, tumesikia mengi.

Akishatulia, kwa hiyo hamu ya ndoa njia ipo, ila inapitia kwa daktari wake wa moyo. Huwa tunaangalia je mtu anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema vibaya wala kifua kubana, akiweza hiyo mara nyingi tendo la ndoa moyo wake unalimudu. (Kuna mzee aliniambia yeye anajipima kwa kupandisha kwa mguu kutoka Ipogolo mpaka Iringa mjini. Mzee, ule mlima ni zaidi ya tendo lolote la ndoa ninalolifahamu, usijipime hivyo.)

Kamwene dokta. Naomba jina lisitoke. Natumia dawa zetu zile za kila siku, nipo Makambako. Kuna ubaya kuchanganya na za nguvu?

Kamwene sana. Umeuliza swali ambalo watu wengi wa huku wanaliogopa, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU kwa hiyo lazima liongelewe.

Inategemea uko kwenye dawa gani. Wengi sasa hivi wako kwenye ile yenye dolutegravir, hiyo haina ugomvi na sildenafil. Tatizo ni wale waliohamishiwa mstari wa pili, dawa zenye ritonavir ndani yake. Ritonavir inalizuia ini lisiivunje sildenafil, inabaki kwenye damu nyingi na kwa muda mrefu, yaani umemeza kidogo mwili unaona umemeza rundo. Kwa mtu huyo daktari hazidishi miligramu 25, na hairudiwi mpaka masaa 48 yapite. Angalia kopo lako au muulize nesi wa CTC (kliniki yenu ya dawa za VVU), wala usione haya, yeye ndo anayejua faili lako. Na usiruke dozi za ARV ili "upishe" kidonge cha nguvu, nimeshasikia watu wanafanya hivyo.

Dawa za fangasi kama ketoconazole na antibaotiki kama erythromycin zina tabia kama hiyo hiyo, halafu na juisi ya balungi nayo, msije mkasema sikusema.

Tabibu mimi sitaki kemikali kabisa. Nipe vyakula. Huku Tukuyu maparachichi tunayo mpaka tunawapa nguruwe, karanga zipo, tangawizi ipo. Na wanasema mihogo mibichi na nazi. Na ulanzi je, maana Iringa wanasema ulanzi unampa mtu nguvu?

Hapo sasa tumefika. Nianze na ulanzi ili nigombane na Wahehe na Wabena mapema. Ulanzi mtamu wa asubuhi, ule mbichi, ni sukari na maji. Ukishakaa ukakolea ni pombe, na pombe inafungua mdomo na kufunga kwingine. Moja mbili zinamtoa mtu woga, kuanzia hapo neva zinalala, ukizidisha miaka na miaka homoni ya kiume inashuka na ini linachoka. Komoni na kimpumu ni hivyo hivyo, wala msinitumie meseji.

Parachichi, karanga, maharage, mboga za majani, samaki: hivyo ni vizuri kwa mishipa na chenye faida kwa mishipa kinafaa na huko. Ila chakula hakifanyi kazi kama kidonge, huli karanga saa kumi na mbili ukategemea saa nne. Mihogo na nazi na karanga za pale stendi ni vitafunwa vizuri vya kushibisha, sijaona zaidi ya hapo, na mihogo mibichi ikiwa ile michungu ina sumu kwa hiyo mkae nayo kwa adabu. Tikiti maji lina kitu kinaitwa sitrulini, mwili unakigeuza kuwa malighafi inayousaidia kutoa ile kemikali ya kulegeza mishipa niliyoisema pale juu kwa dereva wetu. Kuna utafiti mdogo wa Italia wa mwaka 2011, wanaume 24 tu wenye shida ndogo, walipewa sitrulini gramu moja na nusu kila siku na wengine wakaona nafuu, lakini ile ilikuwa ya kidonge, siyo kipande cha tikiti cha mia tano. Tangawizi na vitunguu saumu weka kwenye chai na mboga, haitakudhuru, ila kama unatumia dawa za kuyeyusha damu usile vitunguu saumu kwa vikombe kama wanavyofundishwa watu huko mitandaoni. Kuna na magome ya yohimbe kutoka Afrika ya Kati na Magharibi, yanauzwa kwenye makopo mazuri mazuri. Hayo yanapandisha presha na kuchezesha moyo, mwenye presha asiyaguse.

Vumbi la Kongo wengi mmeuliza. Silishauri. Unapaka kitu usichokijua kwenye ngozi laini kuliko zote, na mwenzako naye anakipata.

Mnataka dawa ya asili yenye ushahidi kweli? Miguu. Tafiti za mazoezi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kutembea kwa kasi au kukimbia dakika kama 40, mara nne kwa wiki, kwa muda wa miezi sita, kunawasaidia wanaume ambao shida yao imetokana na unene, presha, au kukaa tu. Kwenye utafiti mwingine wa Italia wa 2004 wanaume wanene wenye shida hii walipunguzwa uzito kwa chakula na mazoezi, baada ya miaka miwili karibu theluthi moja wakarudi kawaida bila kidonge hata kimoja. Sasa wewe upo Tukuyu, vilima vimejaa kila upande, hewa safi, na bado unapanda bodaboda kwenda dukani.

Kuna na zoezi la misuli ya nyonga, ile unayoikaza ukitaka kukata mkojo katikati. Kaza, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Unaweza kulifanya ukiwa umekaa kanisani hakuna atakayejua. Lipe miezi mitatu usilikatie tamaa wiki ya pili.

Na usingizi jamani. Mtu analala saa nane usiku anaangalia simu, anaamka saa kumi na moja, anataka mwili utoe homoni saa ngapi?

Dokta mambo, mi ni mwanachuo hapa Iringa, miaka 22. Natumia vidonge kila nikikutana na demu maana bila hivyo naogopa nitaaibika. Asubuhi nikiamka mashine ipo fiti kabisa. Nikiacha nitakuwa na shida?

Mdogo wangu, kama asubuhi inaamka yenyewe basi mishipa ni mizima na neva ni nzima, kilichoko ni woga. Kidonge hakitaharibu mashine yako ila kinakufundisha kwamba bila chenyewe wewe si mwanaume, na ukishaamini hivyo siku hunacho mfukoni utashindwa kweli. Hiyo ndo hasara yake kwa vijana, ukiachia mbali kwamba mnakishushia na energy drinki na pombe za kienyeji.

Acha kukitumia. Punguza hizo video, zile zimehaririwa, hakuna binadamu anayekwenda saa zima bila kukatwa kipande. Na huyo demu kama mnaheshimiana mwambie una wasiwasi, utashangaa hata yeye anao. Ukiona miezi inapita na asubuhi nako kumekuwa kimya, hapo njoo tupime.

Kuhusu lile swali lako lingine la kuongeza ukubwa ulilolificha chini kabisa: hakuna dawa ya kumeza wala ya kupaka inayoongeza. Okoa hela ya ada.

Nipo Kyela. Je ni kweli inaweza ikasimama ikagoma kushuka? Rafiki yangu imemtokea, akakaa nayo ndani usiku kucha kwa aibu.

Kweli kabisa. Haitokei mara kwa mara kwa kidonge peke yake kwa dozi sahihi, ila wanaochanganya kidonge na unga, au wenye selimundu, wako hatarini zaidi. Mpaka wa kusubiri ni masaa manne. Yakipita manne na bado imesimama, mara nyingi na maumivu, damu iliyomo ndani imeshaanza kukosa oksijeni na nyama inakufa taratibu, mtu anaweza kubaki hanithi moja kwa moja kwa dawa aliyoinunua ili asiwe hanithi.

Rafiki yako hata kama imeshashuka aende akaangaliwe. Na ikimtokea tena asijifungie, asiongeze pombe, asikubali mtu amkande na maji ya moto. Hospitali wanaitoa ile damu kwa sindano na kuna dawa ya kuibana mishipa, wakiwahi inarudi kawaida. Avae suruali pana au koti refu kama anaona soni, huko Kyela mnaweza kuanza na hospitali ya wilaya, wakishindwa watampandisha Mbeya. Na akiondoka nyumbani achukue boksi la vidonge, na kama ulikuwa unga akibebe hicho kimfuko.